Nikitembea Tunashinda, Nikikimbia Tumefungwa

Hebu niambieni, nyinyi watoto wa kuokota mpira wa kiwanja mpya: mpira ikianguka mtoni, unaifuata ama unaitangulia?

Ngojeni, msijibu haraka. Wengi wanasema, "Naifuata." Hao wote nimewaona wakirudi wameloa mpaka kwa masikio, na mikono mitupu. Nitawaambia jibu, lakini kwanza mkae, kwa sababu hii kazi nimeifanya tangu nikiwa bibi arusi mpaka sasa magoti yangu inalia kama mlango. Mimi naongea, mjukuu wangu Nafula anaandika kwa simu. Shule nilifika darasa la tatu, nikatoka kwa sababu ng'ombe ya baba ilikuwa haijui kujichunga. Kwa hivyo mkiona makosa hapa, hiyo ni ya Nafula.

Nafula, usicheke, andika.

Kiwanja ya zamani ya timu yetu ya mtaa, Matisi Radi, haikuwa hapa kwa ukuta. Ilikuwa kule chini, kwa mto, ule mto mdogo unaenda kuingia Nzoia. Kabla iwe kiwanja ilikuwa mahali ng'ombe inakunywa maji. Ikakuwa kiwanja, lakini ng'ombe haikuambiwa. Saa kumi kamili zinakuja, zinapita katikati, mechi inasimama, zinakunywa, zinarudi, mechi inaendelea. Kuna ng'ombe moja nyeupe ilikuwa inapenda kulala kwa goli ya juu. Tulifungwa mabao machache sana upande huo.

Upande mmoja ya kiwanja ilikuwa shamba ya mahindi ya mzee mmoja mkali sana, upande ingine ni mto. Huyo mzee alikuwa hasongi hata hatua moja. Mto ndio ilikuwa inasonga. Kila mvua ya mwezi wa nne inakula hatua mbili, tatu, tunahamisha laini. Mwaka ingine inakula tena, tunahamisha tena. Mwishowe mtu akipiga kona ya upande wa mto, mguu moja uko kwa nyasi na ingine iko kwa maji. Na yule wa kushika kibendera upande huo, hatukumuuliza kama anajua sheria. Tulimuuliza kama anajua kuogelea.

Sasa, siku yangu ya kwanza. Sikuenda kutafuta kazi. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, nimetoka kwetu Sirisia, sijui mtu hapa Kitale isipokuwa bwana yangu na mama yake, na mama yake nilikuwa natamani nisimjue. Nikachukua nguo nikaenda kufua mtoni, pale kwa mawe. Nilikuwa na gauni yangu nyeupe ya kanisa, ile niliolewa nayo. Nimeisugua, nimeisuuza, inang'aa kama yai. Nikaiweka kwa karai.

Mpira ikakuja na maji, ikaruka kwa jiwe, ikaingia kwa karai yangu, pwaa! Na hiyo mpira ilikuwa imetoka kwa mavi ya ng'ombe.

Nikaishika. Nikaikalia.

Vijana wawili wa jezi wakakuja wanakimbia. "Mama, tupatie mpira, mechi imesimama."

"Mwenye kuipiga ni nani?"

"Ni namba nne."

"Mwambie namba nne akuje afue hii gauni."

Walidhani nacheza. Mimi sikucheza, nilikuwa nimekalia mpira. Mechi ilisimama mpaka namba nne akakuja mwenyewe, mwanaume mzima na viatu ya mabuti, akapiga magoti kwa jiwe akafua gauni yangu, na nikamwonyesha mahali hajatoa. Watu wa timu zote mbili walikuja kusimama hapo juu wanaangalia. Mtu mmoja mzee alikuwa nyuma yao, ameshika fimbo mrefu, anacheka mpaka anapanguza macho. Huyo ndiye Mzee Barasa, mwenye kushika mpira wa mtoni. Akaniuliza, "Msichana, ulishika hiyo mpira kwa mkono moja ama mbili?"

"Kwa karai."

"Kesho ukuje," akasema. "Na ukuje na karai."

Hivyo ndivyo niliandikwa kazi, na watu wakaanza kuniita Mama Mto.

Mzee Barasa alikuwa hapendi maneno mingi. Alinifundisha kwa kunyamaza, na nikikosea ananyamaza zaidi. Wiki ya kwanza nilifuata kila mpira. Ikianguka, mimi huyo, naruka kwa ukingo wa mto, napita kwa miiba, kwa matope, mpira inanicheka inaenda. Narudi, nampata ameketi kwa mawe ya kufulia, amekunja mguu, mpira iko kwa magoti yake. Hata hajatoka jasho.

Siku ya nne nikamuuliza, "Mzee, wewe unapita wapi?"

Akasema, "Mpira haina akili. Inaenda mahali mto inaenda. Na mto inaenda wapi?"

Hapo ndipo nikaangalia vizuri. Mto ikitoka kiwanjani inazunguka shamba lote la mahindi, mzunguko mrefu kama mkia wa ng'ombe, halafu inarudi kwa mawe ya kufulia. Na katikati ya mahindi kuna njia moja nyembamba imenyooka, inashuka mpaka kwa mawe. Mpira inazunguka, wewe unakata. Unafika, unaketi, unangoja.

Kwa hivyo jibu ni hiyo, watoto wangu. Hauifuati. Unaitangulia. Na hii si ya mpira peke yake. Hata kuku, hata bwana akitoka nyumbani na hasira.

Vyombo vya kazi vilikuwa vinne. Fimbo ya mpera, mrefu kunishinda, mbele imepinda kama kidole ya kuita mtu. Hiyo ni ya mpira yenye imeshikwa na matete. Karai yangu. Kikapu ya kubebea kuku, ya siku maji iko na nguvu. Na majivu, kwa sababu laini za kiwanja ni mimi nilikuwa nachora, kwa majivu ya jiko, na ndiyo maana laini zetu zilikuwa zinapinda: nilikuwa nachora nikiongea na watu. Mzee Barasa alipochoka akarudi kwake Tongaren kulima, aliniachia hiyo fimbo. Hakusema kwaheri. Aliisimamisha kwa mlango wangu, akaenda.

Na mpira zenyewe zilikuwa mbili tu, miaka yote, na ya pili haitoki mpaka ya kwanza ipotee kabisa. Zile za kwanza za ngozi zilikuwa zinakunywa maji. Ikitoka mtoni ni kama kupiga boga, kuna mtu alipiga kichwa akasahau jina ya mama yake mpaka hafu taimu. Hizi za sasa ni nyepesi, zinaelea kama bata. Nawaonea nyinyi wivu kidogo.

Sasa nikuje kwa mambo ya miguu.

Mimi sikuwa mchezaji. Lakini mtu akinipenda namna Radi ilinipenda, mimi siwezi kukaa katikati. Tukiwa tumeongoza na mpira ianguke mtoni, mimi natembea. Si kwa ubaya! Natembea tu, nasalimia watu, naangalia mahindi kama imeanza kutoa nywele. Tukiwa tumefungwa, nakimbia mpaka kitambaa inatoka kwa kichwa. Vijana walijua. Zikibaki dakika kumi na tumeongoza, beki anaangalia upande wa mto kama mtu anaangalia chakula.

Wa kwanza kujua siri alikuwa Mama Tabitha. Huyo alikuwa anauza chai na mandazi hapo juu ya mawe ya kufulia. Kutoka hapo hauoni kiwanja, mahindi imeziba. Unaona tu ile njia. Yeye na wanawake wa kufua walikuwa wananiona nikishuka, halafu wanaambiana matokeo. "Anatembea! Tumeongoza!" "Aki anakimbia, wametupiga." Ikaenea. Wazee wenye miguu mbaya walikuwa wanaacha kiwanja wanaenda kukaa kwa Mama Tabitha, wanakunywa chai, wanaangalia miguu yangu. Walisema ni rahisi kuelewa kuliko redio.

Halafu ile siku ya gambuti. Nawaambia hii muogope.

Timu ilininunulia gambuti mpya, nyekundu, za kutembea kwa matope. Nzuri sana, isipokuwa ilikuwa saizi ya mwanaume. Mechi ilikuwa na timu moja ya Tongaren, na walikuwa wanatupiga tatu bila. Mpira ikaanguka. Nikaanza kukimbia. Gambuti ikakataa. Mguu inaenda, gambuti inabaki. Narudi, navaa, nasonga hatua moja, ingine inabaki. Ikabidi nitembee polepole kama mtu anapeleka sadaka mbele kanisani.

Huko chini wananiona: Mama Mto anatembea! Tena anatembea na maringo! Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akatupa kofia juu. Mama Tabitha akasema leo ni leo, akachukua jogoo yake kubwa, ile ilikuwa inaamsha Matisi mzima, akaichinja ya kupikia wachezaji. Mimi nafika kwa mawe nawapata wanacheza, nauliza kuna nini.

"Si tumeshinda!"

"Tumeshinda nani? Tumefungwa tatu bila!"

Mama Tabitha ameshika jogoo, haina kichwa. Akaniangalia miguu, akaangalia jogoo. "Mama Mto," akasema, "nirudishie."

Vijana walikula hiyo jogoo wakiwa wameinama. Kwa wiki mbili Matisi wote walichelewa kazini. Mimi sijavaa gambuti tena mpaka leo, na nikiona nyekundu naomba msamaha kwanza.

Lazima sasa niwaambie juu ya ndugu yangu, Wekesa. Tumetoka tumbo moja, yeye alinifuata. Tulipokuwa watoto kule Sirisia tulikuwa tunashindana kwa kila kitu: nani atamaliza uji kwanza, nani atazuia pumzi kwa maji mrefu zaidi. Mimi nilishinda. Yeye anasema alishinda. Hapo ndipo ugomvi ilianzia na haijaisha. Akakuwa kocha wa Chui wa Sirisia, na kila mwaka wakikuja kucheza hapa, ni mimi anaangalia, si wachezaji.

"Wewe Naliaka ni mwizi wa saa," ananiambia mbele ya watu.

"Mimi ni mtu wa miguu mbaya, ndugu yangu."

"Miguu mbaya ya tukifungwa tu?"

"Daktari pia alishangaa."

Anakasirika mpaka kofia inasimama. Hiyo kofia, ya manyoya, ya kahawia, ni mimi nilimshonea kitambaa ya ndani ili isimwashe. Undugu ni undugu.

Sasa, mechi ya mwisho. Mnajua nyinyi mnafanya kazi kwa kiwanja ya ukuta na majani ya kukatwa na mashini, lakini hamjui ilibaki kidogo isikuwe yenu. Mto ilikuwa imekula goli ya chini mpaka mlingoti moja ilikuwa inatikisika. Wakubwa wakasema kuna kiwanja mpya inajengwa upande wa mjini, lakini itapewa timu yenye iko kwa ligi ya juu. Radi ilikuwa mkiani. Mechi moja imebaki. Tukienda sare, tunabaki, tunapewa kiwanja. Tukifungwa, tunashuka, na kiwanja hatupewi, na ya zamani mto inamaliza. Na timu bila kiwanja ni nini? Ni wanaume kumi na moja wamevaa kaptura.

Na nani anakuja kucheza na sisi? Chui wa Sirisia.

Kwao hiyo mechi haikubadilisha kitu. Hawapandi, hawashuki. Lakini Wekesa alikuja na koti na tai, kama mtu anakuja kuzika. Nikajua anayetaka kuzika ni mimi. Akaenda kwa refa, akaongea, akanionyesha kidole. Refa akaniita.

"Mama, ni wewe unaleta mpira?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mko na mpira ngapi?"

"Mbili."

"Sawa. Zikipotea zote na hakuna ingine, mechi inaisha na ushindi ni ya wageni. Hiyo ni sheria, mwenyeji ndiye analeta mpira."

Wekesa akatabasamu. "Na mimi mwenyewe," akasema, "leo nitakimbia na wewe. Nione hiyo ugonjwa ya miguu."

Nikasema karibu.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku tatu. Mto ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, imejaa, inaongea peke yake. Hafu ya kwanza mpira moja ikaenda kwa ua wa yule mzee wa mahindi, ikachomwa na mwiba, psssii, ikakufa. Imebaki moja. Hafu ya pili wakatufunga, tukarudisha, moja kwa moja. Dakika zinaisha. Mimi nimeshika fimbo, naomba Mungu ashike mpira kwa nyasi, nikamwahidi mpaka kuacha kusengenya.

Beki yetu, kijana mzuri lakini kichwa yake ni ya kufugia nywele, akaangalia saa ya mkono wa mtu kwa laini. Akaona zimebaki dakika tano. Akaangalia mto. Nikapiga kelele, "Leo hapana! Leo hapana!" Yeye akasikia kelele tu. Akaipiga na nguvu zake zote, ikaenda juu, ikashuka katikati ya maji. Watu wa Radi wote wakashangilia kama ni bao.

"Tembea, Mama Mto! Tembea!"

Wachezaji, mashabiki, kocha wetu, wote: "Tembea! Usikimbie! Tembea!"

Wao walikuwa wanafikiria saa. Mimi nilikuwa nafikiria maji. Wakati wa kiangazi, mpira inazunguka mahindi polepole, unaweza kuchemsha chai ikifika. Lakini maji kama ile ya siku hiyo, ukisema amina imeshapita mawe, na baada ya mawe hakuna mahali ya kushika, ni Nzoia, ni Ziwa, ni kwaheri. Mpira ikipotea tumefungwa. Radi imekwisha.

Nikakimbia. Watu wangu wenyewe wakanipigia kelele. Kuna mtu alisema, "Amenunuliwa na ndugu yake!" Nilisikia, na ninamjua, na aliomba msamaha na kilo mbili ya sukari.

Wekesa naye akakimbia. Lakini yeye hajui njia ya mahindi. Yeye aliifuata mpira. Nilimwona na koti yake anaruka kwa ukingo, anapita kwa miiba, halafu mahindi ikanificha.

Sasa wale wa huko chini kwa mawe. Wanawake walikuwa wamekuja kufua mashuka, wakapata maji ni chafu kuliko nguo, wakakaa tu kwa Mama Tabitha kupiga hadithi. Wanaona njia: Mama Mto anakimbia. Anakimbia vile hajawahi kukimbia. Kitambaa imetoka, leso inaburuta chini. Mama Tabitha akaweka mikono kwa kichwa. "Tumefungwa! Radi imekwisha!" Na mmoja akaanza kulia kabisa, ile ya matanga.

"Msilie!" nikasema. "Shuka! Leteni shuka! Mpira inakuja, ni ile moja tu imebaki!"

Hawakuuliza. Hiyo ndiyo nawapendea. Wakachukua shuka kubwa ya kitanda, ya maua, wakaingia majini mpaka kiuno, wawili upande huu, wawili upande ule, Mama Tabitha katikati anaamuru kama ni yeye anazaa. Wakaitandaza. Mimi nimesimama kwa jiwe, fimbo mkononi, naangalia pale mto inapinda.

Mpira ikatokea. Nyeupe, inaruka-ruka, inakuja mbio.

Nyuma yake ikatokea kofia. Ya manyoya. Ya kahawia.

Kofia, haina kichwa.

Watoto wangu, moyo wangu ulianguka mahali sijawahi kuutafuta. Nikaita, "Wekesa!" Maji tu inaongea. "Wekesa wee!"

Halafu nikasikia, mbali, kwa matete ya juu: "Naliaka! Niko huku! Nimeshika matete!"

"Iko na mizizi?"

"Nitajuaje kama iko na mizizi!"

Miaka yote ile, tangu karai, mpira ikiwa inakuja mimi sijawahi kugeuka. Siku mama mkwe alinituma niache kazi niende nipike, sikugeuka. Siku hiyo niligeuka. Nikawaachia wanawake shuka na timu na kiwanja, yenu hii, nikapanda juu kwa matete na ile fimbo ya Mzee Barasa. Nyuma yangu nikasikia yowe moja kubwa na maji kupasuka, na sikuangalia. Kama wameishika, kama imepita, sikujua.

Nikamkuta Wekesa, maji kwa kifua, tai imeenda nyuma ya shingo kama mkia, ameshika tete moja na macho yote mbili.

"Ulifuata," nikamwambia.

"Nivute!"

"Nilisema watu wasifuate mpira."

"Hukuniambia mimi!"

"Sasa nakuambia."

Nikampitishia fimbo, ile kidole yake ikashika kola ya koti, nikakaa chini, nikaweka miguu kwa mzizi, nikavuta. Akatoka kama kambare. Alikosa kiatu moja. Tukalala kwa nyasi, yeye anatapika mto, mimi nashika magoti, na kutoka hapo hatuoni mawe, hatuoni kiwanja, hatuoni kitu. Kipande ya ile njia tu.

Halafu tukasikia filimbi. Mrefu. Mechi imeisha.

Kelele ilikuwa kubwa, lakini ya nani? Upepo ilikuwa inaichanganya. Miaka hiyo yote watu wa chini waliangalia miguu yangu ili wajue, sasa mimi ndiye wa chini, na hakuna mtu wa kuniambia.

Wekesa akasema, "Angalia njia."

Kwa njia akatokea Mama Tabitha. Peke yake. Ameloa mpaka kwa titi, shuka ya maua amejifunga kama gauni ya arusi. Kumbe yeye mwenyewe ndiye alipeleka mpira juu, akabaki kuona mwisho.

"Anakimbia?" Wekesa akaniuliza. Maji ilikuwa imeingia kwa macho yake, haoni vizuri. "Naliaka, anakimbia ama anatembea?"

Nikaangalia. Mama Tabitha alisimama. Akaangalia mahindi kama imetoa nywele. Akasalimia kuku yenye ilikuwa inapita. Akashuka hatua moja, akapumzika, akashuka ingine.

"Anatembea," nikasema. "Wekesa, anatembea na maringo."

Ndugu yangu akaanza kucheka, maji bado inamtoka kwa pua. "Hata huyo mmemfundisha wizi," akasema. Tukacheka mpaka Mama Tabitha alipofika hakuwa na haja ya kutuambia. Alituambia tu mara saba. Na kofia ilipatikana pia, ilikuwa kwa shuka pamoja na mpira. Wekesa bado anaivaa, inanuka samaki, na bado anasema yeye ndiye alizuia pumzi mrefu zaidi, sasa hata ana ushahidi.

Basi, kiwanja tukapewa. Hii yenu. Mto ikakula ile ya zamani kidogo kidogo, na mwaka jana goli ya chini ilienda yenyewe, ng'ombe nyeupe haikuwepo kuilinda. Nilipelekwa kuona hii mpya wakati inafunguliwa. Nikaangalia pande zote. Hakuna mto. Kuna ukuta. Mpira ikitoka inagonga ukuta, inarudi yenyewe. Nikajua hapo hapo kazi yangu imeisha. Nimeachishwa na ukuta, na ukuta haikunywi hata chai.

Sikulia. Nilisema ni vumbi. Fimbo ya Mzee Barasa iko hapa kwa mlango, naitumia kuangusha avokado.

Nafula alikuwa amewacha kuandika, nimemwambia aendelee. Ananiangalia. Huyu mtoto ako kwa timu ya wasichana ya Radi sasa, ni namba tisa, na Jumamosi ndiyo mara yao ya kwanza kucheza kwa hiyo kiwanja. Anajua vile ukuta inaniuma. Jana alinifunga kamba za viatu yangu, kwa sababu mimi siwezi kuinama tena, akanishika goti akaniambia:

"Kukhu, nyanya yangu, usikae ndani kwa viti. Ukae nje, kwa geti, na hiyo fimbo yako. Nikifunga bao tuongoze, nakuahidi mpira ikinifikia tena nitaipiga juu ya ukuta, iende mpaka barabarani. Wewe uifuate polepole, kukhu. Utembee, Matisi wote waone."